Vyombo vya Jumapili

Pikipiki yangu ina silinda moja, breki za ngoma mbele na nyuma, na tabia ya kukohoa kila ikionyeshwa kilima. Pamoja na hayo yote, iliwahi kuupita mlio wake yenyewe. Nilikuwa naingia kona ya mwisho nikasikia pikipiki inanguruma nyuma yangu. Nikajilaza juu ya tangi, nikaongeza moto, nikasema huyu hanipiti. Nilipovuka mstari na kugeuka sikuona mtu. Ulikuwa mlio wangu mwenyewe, umechelewa njiani.

Shemeji yangu alikuwepo siku hiyo na mpaka leo anakana. Anasema aliyekuwa nyuma yangu ni yeye, na kwamba alishanipita kabla ya mstari, ndiyo maana sikumwona. Ndivyo alivyo Shemeji. Hadithi nzuri ikimkaribia huikata kichwa kama samaki.

Yeye alimwoa dada yangu. Kazi yake ni kuoka mikate, ana chumba chenye tanuri mbili na madirisha meupe kwa unga, na huongea kidogo kwa sababu amezoea kuwa macho wakati watu wengine wamelala. Mimi nilishona viti vya magari mpaka nikastaafu, na kwa kuwa mtu anayeshona hukaa na wenye magari wanaosubiri, nilijifunza kuongea kwa niaba ya watu wawili. Mimi namwita Shemeji, yeye ananiita Shemeji, na klabuni wanatuita Mashemeji, utadhani ni kampuni ya mazishi. Pikipiki zetu ni ndugu: aina moja, umri mmoja, tulizinunua siku moja kwa mzee mmoja aliyekuwa akifundishia watu udereva. Yangu nyekundu, yake iliwahi kuwa nyeusi.

Klabu yetu hukutana kwenye uwanja wa ndege uliokwisha kazi. Ndege ya mwisho iliruka pale zamani sana na haikuaga mtu. Lami imepasuka, majani yametoka kwenye nyufa, na kwenye kona tumepanga matairi mabovu ili mtu akianguka aangukie kitu kilicho laini kidogo kuliko dunia. Jumamosi ni ukaguzi na mazoezi, Jumapili ni mashindano. Hakuna anayelipwa. Wengi wetu tunatoka pale na mafuta kwenye kucha na maumivu ya kiuno, na Jumatatu tunasema tulipumzika.

Sisi tulikimbia katika daraja la Kongwe, yaani pikipiki za kale zilizopozwa na upepo tu. Vijana walituita msafara wa maziko. Hatukujali. Mtu akikuita hivyo halafu ukamwona anasimama kwenye uzio mpaka mzunguko wa mwisho, unajua ni wivu.

Sasa nieleze habari ya vyombo, maana bila hiyo mengine yote yataonekana upuuzi.

Dada yangu hakuzipenda pikipiki hata siku moja. Alisema zinanuka kama ugomvi. Lakini kila Jumapili ya mashindano alikuja, akasimama kwenye kona ya mwisho akiwa na kitambaa cha kukaushia vyombo begani. Tukipita katika mzunguko wa mwisho, alikitoa begani na kumnyooshea aliyekuwa nyuma kati ya sisi wawili. Nafasi ya tatu, ya nne, ya mwisho kabisa, hizo zilikuwa habari za klabu. Yeye alitaka kujua nani ataosha vyombo. Jioni tulikula kwake sote, na aliyeshindwa akakunja mikono ya shati. Na daima kulikuwa na sufuria moja iliyoungua chini. Nina hakika aliiunguza makusudi. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni, akasema, "Pale pembeni, kaka. Pale bado," na Shemeji akacheka, na ndiyo siku pekee ungemsikia akicheka.

Dada alipofariki nilidhani hayo yamekwisha. Mashindano ya kwanza baada ya msiba tulikwenda kwa sababu hatukujua pa kwenda kwingine. Nilimaliza nyuma ya Shemeji. Nilipokuwa nafunga pikipiki kwenye trela alinijia, akasimama huku akitazama kamba zangu.

"Umekuwa wa nyuma," akasema.

"Nimeona."

"Basi vyombo vinakusubiri."

Nikaenda. Alikuwa amepika kitu ambacho hata yeye hakukipa jina. Tukala, nikaosha, yeye akakaa kwenye kigoda. Sufuria ilikuwa imeungua, na ile haikuwa makusudi. Hatukumtaja marehemu. Nilipofika kwenye sufuria aliniambia, "Pale pembeni," akanyamaza, nami nikasugua pale pembeni mpaka mkono ukafa ganzi.

Tangu hapo ikawa hivyo. Siku nyingine hatutembeleani. Sina la kumwambia muoka mikate, naye akinipigia simu huwa amekosea namba. Tulikuwa na Jumapili za mashindano, basi. Mke wangu aliniuliza mara moja kwa nini nisimtembelee tu Shemeji kama watu wengine wanavyotembeleana. Nikamwambia, nitafikaje mlangoni mwa mtu mikono mitupu, bila hata kushindwa?

Ndipo klabu ikapata katibu mpya. Ni mama mmoja anayesimamia ghala la vipuri, kipaza sauti hakimtoki mkononi, na huwa sahihi kila anaposema jambo, kitu kinachochosha sana kwa mwanadamu. Alituita sisi watu wa Kongwe kabla ya mashindano ya kufunga msimu.

"Wazee wangu, kanuni mnaijua. Daraja likimalizisha watu chini ya watano mara mbili mfululizo, linafutwa. Mara iliyopita mlimaliza wanne."

"Injini yangu ilipasuka," akasema Baruti, mchomelea vyuma, ambaye jina hilo alilipata kwa injini zake zilizotangulia.

"Pole. Lakini ilipasuka. Nina vijana wanaosubiri nafasi hiyo kwenye ratiba. Safari hii nataka watano wavuke mstari. Sisemi mkimbie. Mvuke tu."

Tulikuwa watano kamili: Baruti, Daktari wa Meno, Pacha ambaye pacha mwenzake aliacha mbio akaoa, Shemeji, na mimi. Hatukuwa na wa akiba.

Jumamosi ile nilifika mapema, nikaweka pikipiki kwenye stendi chini ya turubai nililolishona mwenyewe. Mkaguzi akapita na tochi yake. Anatazama spoki, anatikisa gurudumu, na kitu anachokipenda kuliko vyote ni waya wa boliti ya oili. Boliti ile lazima itobolewe na kufungwa kwa waya mwembamba, ili isifunguke ikamwaga oili njiani na kuwaua walio nyuma. Wa kwangu aliuvuta kwa kidole, akaniambia, "Umeshona vizuri." Nikamwambia huo waya niliufunga kwa meno wakati natembea mwendo wa kasi. Akaandika bila kucheka.

Kwenye mazoezi mambo yalikwenda vizuri mpaka Shemeji akarudi akisukuma. Jasho lilikuwa linamtoka ndani ya suti ya ngozi, na uso umekuwa kama mkate uliosahaulika. Kebo ya klachi ilikuwa imekatika.

Akaegemeza pikipiki kwenye nguzo ya turubai langu. Akavua glavu moja, kisha nyingine. Kila mtu pale alijua kwamba kebo ya aina ile haitengenezwi tena, na kwamba mimi nilikuwa nayo moja ya akiba, imekunjwa ndani ya boksi la vifaa, nimeitunza kuliko baadhi ya watu walivyotunza ndoa.

"Unayo kebo," akasema.

"Ninayo."

"Nipe."

"Sikusikia 'tafadhali' hapo katikati."

"Wewe ndiye unayetaka watu watano."

"Na wewe hutaki?"

Akatazama glavu zake. "Nimekwisha nunua nyama," akasema.

Kwa Shemeji hiyo ilikuwa hotuba. Nikaitoa kebo. Tukaifunga pamoja, yeye ameshika upande wa mpini, mimi chini kwenye injini, na kwa kuwa pikipiki ni ndugu mikono yangu ilijua pa kwenda bila kuuliza. Nilimwambia, "Nitaitaka tena hiyo." Akasema, "Utaipata." Kumbukeni hilo.

Alasiri tulikaa watano kwenye viti vya kukunja, na Daktari wa Meno akachora uwanja kwenye vumbi kwa ncha ya spana. Yeye huongea na watu kana kwamba wamefungua kinywa na hawawezi kujibu.

"Hatushindani kesho, sivyo? Vizuri. Tunakwenda kwa mstari, sivyo? Mimi mbele, kwa kuwa ndiye ninayeongoza msimu. Pacha wa pili. Baruti wa tatu na asiikamue injini. Shemeji huyu wa nne, Shemeji yule wa tano. Tunazunguka kama maharusi, tunavuka, tunakunywa chai. Kuna swali? Hakuna."

Aliyewekwa wa nne ni mimi. Wa tano ni Shemeji.

"Kwa hiyo vyombo ni vyangu," akasema Shemeji.

"Vyombo gani?" akauliza Daktari.

"Hayakuhusu," nikamwambia Daktari. Kisha nikamgeukia Shemeji. "Ni kwa ajili ya daraja, bwana. Hii haihesabiwi."

"Isipohesabiwa, nani ataosha?"

"Tutaosha wote."

"Tangu lini," akasema, akanyanyuka, akaenda kuangalia kebo ambayo ilikuwa haina tatizo lolote.

Ningepaswa kuona hapo. Lakini nilikuwa nimeshiba furaha ya mtu aliyetoa kebo yake, na furaha ya namna hiyo huziba macho kuliko vumbi.

Jumapili hali ya hewa ilikuwa nzuri mpaka inatia shaka. Mke wangu alikuwa amenifungia chai ya chupa na onyo lake la kawaida. Watu walikuwepo kwenye uzio, wengi kidogo kuliko kawaida, maana habari ilishaenea kwamba Kongwe wanapigania uhai wao. Hata vijana wa pikipiki mpya walikuja na viti. Mmoja akaniuliza kama nimeandika wosia. Nikamwambia nimemwachia yeye breki zangu, azikute bado mpya.

Bendera ikashuka. Tukaondoka kama tulivyopanga, na niseme ukweli, ilikuwa aibu tamu. Daktari mbele ameketi wima kama yuko kazini. Pacha nyuma yake. Baruti akiinamisha sikio kwenye injini kila baada ya kona kama mzazi anayesikiliza mtoto mwenye homa. Kisha mimi. Na kwenye kioo cha akili yangu, maana vioo vya kawaida tunavitoa, Shemeji. Mzunguko baada ya mzunguko. Watu walipiga makofi taratibu. Katibu kwenye kipaza sauti akasema, "Wazee wanapendeza," na nilisikia kwenye sauti yake kwamba alitaka tufike. Yule mama alitaka tufike. Sikulijua hilo mpaka dakika ile.

Katika mzunguko wa mwisho kabisa, kwenye sehemu ndefu iliyonyooka ambako ndege zilikuwa zikirukia, Shemeji akatoka nyuma yangu akaja ubavuni. Hakunipita. Alikaa sawa na mimi, goti kwa goti, kama tunavyoegesha trela. Nikamgeukia. Akatoa mkono wa kushoto kwenye mpini, akaunyoosha kati yetu, na akafanya hivi: akasugua hewa. Taratibu, kwa duara, kisha akaingiza kidole pembeni, pale ambapo sufuria huwa inagoma. Pale pembeni, kaka.

Alikuwa anacheka. Niliona macho ndani ya kofia. Alikuwa anacheka.

Watu huniuliza nani aliongeza moto kwanza. Mkono wake mmoja ulikuwa bado angani, kwa hiyo wanadhani jibu ni rahisi. Mimi nasema mtu akikusugulia hewa namna ile ameshaongeza moto, pikipiki ni kufuata tu. Nikajilaza juu ya tangi. Nikamsikia naye anajilaza. Silinda mbili za kale zikapiga kelele pamoja. Tukampita Baruti mmoja huku na mwingine kule, naye akatupigia ukelele ambao sikuuelewa, na mbele yetu ikabaki kona ya mwisho na matairi yake yamepangwa, na mahali pale kwenye uzio ambapo hapakuwa na mtu.

Nilikuwa ndani, yeye nje. Njia ya kona ile inatosha pikipiki moja na nusu. Miaka yote mmoja wetu alimwachia mwenzake pale, kwa sababu kulikuwa na mtu amesimama na kitambaa, na hakuna aliyetaka kuanguka mbele yake. Safari hii nilisubiri aachie. Naye, najua, alisubiri niachie.

Mimi ni mpiga chuku, sikatai. Nimewahi kuwaambia watu kwamba niliruka juu ya sungura aliyekuwa amelala kwenye lami na sikumwamsha. Pale kwenye baraza la kahawa wanataka niwasimulie na hii, wananivutia kiti, wananiambia, "Mzee, ile ya kona, mliruka juu kiasi gani?" Hatukuruka. Mpini wangu uligusa wa kwake. Pikipiki zikalala, zikaburuzika na kufika kwenye matairi kwa mwendo ambao mtu angeweza kukimbia kando yake. Ajali yenyewe haikuwa kubwa. Nilivunjika mfupa wa bega. Yeye kifundo cha mguu. Yangu nyekundu ilikuwa juu ya yake, na gurudumu la nyuma likaendelea kuzunguka kwa muda, likitoa kasauti.

Daktari alivuka, Pacha akavuka, Baruti akavuka na injini nzima kwa mara ya kwanza katika msimu. Watu watatu.

Mstari ulikuwa unaonekana pale tulipokaa. Nilijaribu kuinyanyua pikipiki niisukume, wakanizuia. Shemeji alijaribu kutambaa kwenda kwa yake, naye wakamzuia. Watu wa huduma ya kwanza walituketisha nyuma ya gari lao, mlango wazi, kila mmoja upande wake wa benchi. Katibu akaja kwa miguu akiwa bado ana kipaza sauti mkononi, kimezimwa.

"Nani alimwambia nani akimbie?" akauliza.

Mimi nikatazama matairi, Shemeji akatazama pikipiki.

"Mlitakiwa kufika tu," akasema. "Tu." Kisha akatazama upande mwingine, na nikaona kidevu chake kinatetemeka. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia.

Alipoondoka tukabaki sisi wawili na harufu ya dawa. Nilitaka kusema jambo. Mimi, ambaye huongea kwa niaba ya wawili.

"Ungeachia," nikasema. Ndilo lililotoka.

Akauweka sawa mguu wake uliovimba.

"Miaka yote niliachia mimi," akasema. "Ulidhani ni nini?"

Nilicheka, nikidhani ananitania. Shemeji hatanii. Nikaanza kurudisha nyuma kichwani Jumapili zote, kona baada ya kona, nikizitafuta zile nilizomshinda mimi mwenyewe kwa mkono wangu. Nikamwambia, "Muongo wewe." Akasema, "Sawa, Shemeji." Na hilo "Shemeji" alilitamka kama unavyomtamkia mtu dirishani anayetaka mkate wa jana.

Mtoto wa kaka yake alikuja kumchukua pamoja na trela. Mimi nilichukuliwa na mke wangu, ambaye hakusema neno, adhabu ambayo huitumia kwa nadra na kwa ufundi. Tulipita njia inayopita mbele ya nyumba ya Shemeji. Taa ya jikoni haikuwa imewashwa. Nyama ilikuwa huko ndani, imenunuliwa.

Nafasi yetu kwenye ratiba wamepewa vijana. Nimekwenda mara moja kuwatazama, wanakimbia vizuri, wote huvuka mstari. Daktari ameuza pikipiki yake, Baruti amegeuza injini yake kuwa pampu ya maji na inasemekana haijapasuka. Bega langu limeunga vibaya kidogo, kwa hiyo siku za baridi huwa natabiri mvua kuliko redio, na hilo ni kweli.

Nilifikiri nitampigia simu. Nilifikiri pia nitakwenda tu, kama mke wangu anavyosema watu huenda. Siku moja nilifika mpaka kwenye kona ya mtaa wake. Harufu ya mikate ilikuwa imejaa. Nikasimama pale nikitafuta neno la kuingilia mlangoni, nikakuta kila nililonalo lina chumvi ndani yake. Nikarudi.

Wiki iliyofuata mtoto wa kaka yake alileta kifurushi. Hakuingia, alisema ana haraka. Kilikuwa kimefungwa kwenye mfuko wa karatasi wa mikate, umekunjwa kingo kwa unadhifu wa mtu anayefungia watu vitu kila siku. Hapakuwa na maneno. Ndani mlikuwa na kebo yangu ya klachi. Aliifungua kwenye pikipiki yake, akaisafisha tope lote, akainyoosha pale ilipopinda, akaikunja duara moja zuri, na akaipaka oili kutoka mwanzo mpaka mwisho, ndani na nje, kwa wingi, kama inavyopakwa kebo ambayo haitafungwa tena kwenye kitu chochote.